Kesi ya Mdakaji katika Chumba cha Kufulia

Kesi ya mdakaji ilitugharimu safari mbili ndefu, kreti nne za soda, kiti kimoja cha plastiki kilichopasuka chini ya mtu aliyekana kuwa mzito, na shati jeupe la shemasi lililofuliwa pamoja na soksi nyekundu kwa sababu hakuna aliyekuwa akitazama mashine. Nimehesabu mara mbili. Ongeza sauti yangu, iliyokauka wiki nzima, uone jinsi tulivyomhudumia mtu asiyetujua hata kwa jina. Wapo ndugu zetu wa damu ambao hatujawafanyia hivyo.

Aliyetuingiza katika gharama hizo ni mzee mmoja wa Kirundi ambaye sote pale Louisville, huku Amerika, tulimwita Mwamuzi. Sitasema alizaliwa wapi wala kwa nani. Hayo aliwaeleza maofisa wa wakimbizi mara nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu, na kila ofisa aliandika lake. Mimi nitasema nilichokiona.

Alikuwa mrefu, mkavu, na alivaa koti Julai. Ukimuuliza kwa nini, alijibu kwamba mtu hajui ataitwa saa ngapi. Warundi wana watu wao, hao wanaowaita bashingantahe, ambao majirani huwachagua wasikilize magomvi yao na kuyamaliza. Mtu wa namna hiyo hushika fimbo fupi. Akiigonga chini, mwenye neno huanza kusema na wengine hufunga midomo. Mzee alichaguliwa kambini Tanzania. Huko alisikiliza kesi za mbuzi, za mipaka ya bustani, za wake waliochoka na waume waliochosha. Wengine walipopanda ndege kuja Amerika walibeba sufuria. Yeye alibeba fimbo.

Mahakama yake ilikuwa chumba cha kufulia nguo, kile cha majengo yetu ya kupanga. Niliwahi kumwambia, "Mzee, kuna ukumbi wa kanisa, una viti, una feni. Kwa nini huku kwenye mvuke?"

"Kanisani mtu akikasirika anaondoka," akasema. "Hapa ataondokaje? Nguo zake ziko majini."

Nikaona nimekutana na mfanyabiashara mwenzangu. Nimeuza dagaa, mawese na vitenge nyuma ya gari katika miji mingi ya nchi hii, na naapa hakuna mteja aliyewahi kunishusha bei kama yeye. Nilikuwa nataja bei, naye ananyamaza. Hakatai, hacheki, ananitazama tu kama mtu anayesubiri nimalize kusema. Basi mimi mwenyewe naanza kuishusha, nashuka ngazi baada ya ngazi, mpaka nafika mahali ambapo mke wangu asingependa kunikuta. Ndipo anasema, "Hapo umesema kweli," na kufungua pochi.

"Muha wee," aliniambia siku moja, maana mimi ni mtu wa Kigoma, na Muha na Mrundi ni watani tangu enzi za mababu, "unazungumza sana. Mdomo wako ungekuwa shamba, wangekula watu wengi."

"Na wewe masikio yako yangekuwa mapaa, tungelala sote bila kodi."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Alipenda kutukanwa na mtu anayejua kutukana.

Lakini msimfanye malaika. Mtu huyu, ambaye mbele ya mashine za kufulia angeweza kupima haki hadi kijiko cha mwisho, akicheza bao alikuwa mwizi wa mchana. Alihamisha kete kwa kidole kidogo huku akikuuliza habari za mama yako. Ukimkamata anasema, "Bao si kesi." Alihubiri kufuata saa, akachelewa kila mahali isipokuwa kwenye chakula. Aliwakataza vijana kupiga kelele, ila mbele ya televisheni, mchezo ukiwa umekolea, sauti yake iliwaamsha watoto wa ghorofa ya juu. Na mchezo wenyewe ulikuwa besiboli. Mrundi, mtu wa kambi, mpenzi wa besiboli! Wajukuu zake hawakuupenda. Waliona ni mchezo wa watu kusimama.

Mapenzi hayo yalianzia kazini. Baada ya miaka yake ya kubeba mizigo ghalani kuisha kwa sababu ya mgongo, alipata kibarua cha kusafisha viti kwenye uwanja ule ulio karibu na mto. Alisubiri mechi iishe ili azoe maganda na vikombe. Mtu anayesubiri lazima atazame kitu, naye akamtazama mdakaji.

Kwa asiyeujua mchezo huo: mmoja anarusha mpira, mwingine anasimama na gongo ili aupige, na nyuma ya mwenye gongo kuna mtu amechuchumaa, amevaa kinyago na ngao kama anayekwenda kulina asali. Kazi yake ni kuudaka mpira usiopigwa. Huyo ndiye mdakaji. Hakuna mtoto anayeota kuwa yeye. Mimi nilidhani amefanya kosa, wakampa adhabu.

"Tazama vizuri," Mzee aliniambia aliponipeleka mara ya kwanza. "Wenzake wote wanatazama upande mmoja. Ni yeye peke yake anayewatazama wote usoni. Kwenu nani hukaa hivyo?"

"Mwenye kikao."

"Haya. Sasa tazama vidole vyake."

Mdakaji alikuwa akichezesha vidole katikati ya mapaja, na mrushaji kule mbali akaitikia kwa kichwa. Baadaye mrushaji akaharibikiwa, mipira ikawa inakwenda ovyo, watu wakazomea. Yule mtu akainuka kwa taabu, akamwendea polepole kama anayekwenda kumpa pole mfiwa. Alipofika akaziba mdomo kwa glovu, akasema neno, akarudi kuchuchumaa. Mrushaji akatulia.

"Amemwambia nini?" nikauliza.

"Ningejua, lisingekuwa neno la maana," akasema Mzee, na macho yake yalikuwa yamelowa. Kwa besiboli! Nilijifanya natafuta soda.

Mdakaji huyo alikuwa mtu mzima kwa mchezo ule, magoti yamekwisha kuliwa. Alichezea timu ya Buffalo, kisha ya Columbus, kisha akatufikia sisi Louisville. Miji hiyo mitatu ilikuwa na timu katika ligi moja, ile iliyo ngazi moja chini ya ligi kubwa, na wachezaji wake huishi wakisubiri simu ya kuitwa juu. Yeye aliitwa mara moja, akakaa wiki chache, akarudishwa. Mzee alisema kwamba siku aliyorudi alionekana akimfundisha kijana ambaye angeitwa baada yake, jinsi ya kuweka miguu.

Kisha akastaafu. Redio ikatangaza kwamba washabiki wanaweza kupendekeza wachezaji wa zamani wa kuingizwa katika Ukumbi wa Heshima, yaani ule ukuta wa picha ambapo mtu akishawekwa hatolewi. Mzee akaja na habari hiyo kwa kinyozi wetu, Mkongo wa Uvira mwenye mkono mwepesi na ulimi mzito.

Kinyozi alizima mashine yake kabisa ili acheke vizuri. "Muzee, ile mutu ya kudaka? Bon, amefanya nini? Anakaa tu chini, anangojea mupira ikuye. Paka yangu pia inakaa hivyo. Tuipeleke kwa ukuta?"

"Unasema hafai?"

"Minasema hata kupiga mupira hajui. Njo nimeuliza Wamarekani ya pale kwa kazi. Heshima ni ya wale banapiga, donc, si ya wale banachuchumaa."

"Hilo ni neno," akasema Mzee. "Lilete kesi."

Na hapa lazima niwaambie kilichokuwa nyuma ya kesi hiyo, maana bila hicho ni vichekesho tu. Mwaka ule chumba cha kufulia kilikuwa kimeanza kuwa chumba cha kufulia kweli. Watu wetu walikuwa wamejifunza namba ya polisi. Mke na mume walikwenda kwa jaji. Majirani walikwenda ofisi ya mwenye nyumba. Vijana hawakwenda popote, walifunga mlango. Mzee alikuwa na msemo wake: "Ukiita polisi unapata mshindi. Ukija kwangu unapata jirani." Lakini msemo haujazi chumba. Jioni moja nilimkuta amekaa peke yake kati ya mashine, amevaa koti, fimbo mapajani, na nguo za mtu zikizunguka.

"Nikishindwa kuwapatanisha hawa kwa jambo la mpira," alisema, "hawataniletea la nyumba zao. Nitabaki mzee wa kupigwa picha kwenye harusi."

Kwa hiyo kesi ikafunguliwa, na hapo hapo tukafanya kosa ambalo nadhani hakuna Mmarekani ambaye angelifanya. Kwa Warundi, mtu hapewi heshima ya kushika fimbo kwa kuruka juu kuliko wenzake. Wanaulizwa majirani zake. Amewahi kuziba njia ya maji? Akilewa, hucheka au hupiga? Aliyekosana naye, walimalizanaje? Hata adui huitwa aseme. Sisi tukaona Ukumbi wa Heshima ni jina la Kiingereza la kitu hicho hicho. Hakuna aliyetuambia kwamba Wamarekani huhesabu mapigo. Kwa hiyo zikahitajika habari za majirani wa Columbus na Buffalo, na mwenye gari la kufika huko alikuwa nani? Nilijaribu kudai mafuta. Mzee akanyamaza. Nikaenda.

Columbus nina wateja mtaa wa Linden, wapenda dagaa wa kweli. Mmoja aliniongoza hadi nyumba ambayo mdakaji alipanga chumba. Mwenye nyumba, mama mmoja Mweusi wa makamo, alinitazama kupitia wavu wa mlango.

"Wewe ni polisi?"

"Hapana, mama. Nimetumwa na wazee."

"Wazee wa nani?"

Nikamweleza. Ilichukua muda. Alipoelewa alifungua mlango, akatoa kiti, na akaanza kutoa ushahidi kama mtu aliyeusubiri maisha yake yote. Alisema yule mtu alitoa mapipa ya taka ya jirani zake vizee bila kuombwa, na kwamba alipika vitunguu hadi mapazia yakanuka. Akasisitiza niandike na vitunguu. Sikuwa naandika, lakini nikaitikia.

Buffalo, kwenye barabara ya Bailey, nilimpata muuza kuku wa kukaanga aliyewahi kugombana naye. Mdakaji alilalamika usiku mmoja kwamba kuku hakuiva, akapaza sauti mbele ya wateja. "Kesho yake akarudi," muuza kuku akaniambia, "akasimama pale pale, wateja wakiwepo, akasema samahani kwa sauti ile ile." Akafikiri kidogo. "Ila kuku hakuwa ameiva kweli."

Nikarudi Louisville nikiwa na ushahidi huo na nusu ya dagaa haijauzwa.

Siku ya kesi chumba kilijaa. Watu walileta nguo ambazo hazikuwa chafu ili wapate sababu ya kuwepo. Kreti za soda zikapangwa juu ya mashine. Mzee akagonga fimbo, nami nikasema niliyoyasikia, na watu wakaguna mahali pa kuguna. Habari ya samahani ya sauti ile ile iliwaingia sana akina mama.

Kinyozi akasimama. Alikuwa amejiandaa, amevaa tai. Akataja mapigo aliyokosa yule mtu, msimu kwa msimu, mpaka mwenye kiti cha plastiki akainuka kumshangilia na kukirudia kwa nguvu, na ndipo kiti kikatuaga. Vicheko vilipokwisha, Kinyozi hakukaa.

"Muzee, nikuulize kitu moja, na usikasirike. Wewe unatumika kazi kule kwa uwanja. Ile mutu hakukupa kitu?"

Sote tulijua maana yake. Mwamuzi aliyekula kwa mtu hasikilizi kesi ya mtu huyo. Ni sheria ya kwanza kabisa. Mtoto wa Kirundi anaijua kabla ya kujua kufunga viatu. Nikamtazama Mzee nikimwombea aseme hapana. Nani angejua?

"Alinipa," akasema.

"Nini, muzee?"

"Karanga. Mechi ilisimama kwa mvua. Alinikuta kwenye ngazi, akakaa, akamimina nusu mkononi mwangu. Tulikula pamoja. Hatukusema kitu, kwa kuwa sikuwa na Kiingereza na yeye hakuwa na kingine."

"Karanga tu!" Kinyozi akajipiga kofi pajani. Nadhani alikuwa ameogopa alichokifungua. "Muzee, karanga si chakula! Nilifikiri ni makuta, pesa mingi!"

"Zilishuka tumboni," akasema Mzee. "Tumbo halikuuliza zilikuwa ngapi."

Akainuka. Akavuka chumba hadi kwa Kinyozi, mpinzani mwenyewe, akamkabidhi fimbo kwa mikono miwili. Kisha akaenda kukaa chini kwenye saruji, pamoja na mashahidi, magoti yake marefu yakimfika kidevuni. Aliyeketi karibu nami alininong'oneza, "Amekwisha." Na mimi niliwaza hivyo hivyo. Mbele ya watu wote aliotaka wamrudie, alikuwa ametoka kitini kwa ajili ya nusu konzi ya karanga.

Sasa tazameni Kinyozi. Mtu akishika mkasi anakata, akishika fimbo ile anaanza kusikiliza, sijui kwa nini. Aliyekuja kushinda ghafla alitakiwa kupatanisha. Jasho lilimtoka. Akauliza akina mama. Akauliza vijana. Akamuuliza Mzee kama shahidi, naye Mzee akajibu kama shahidi, kwa adabu, bila kuongeza chumvi. Mashine zikasimama moja baada ya nyingine na hakuna aliyetoa nguo. Mwisho Kinyozi akalegeza tai.

"Bon. Minaona hivi. Kwa kupiga, hapana, hafai, na hapo sirudi nyuma. Lakini ile ingine ya kudaka, na ya kutuliza wenzake, na ile samahani... ile inafaa. Donc, aingie kwa ukuta. Lakini picha yake imuonyeshe amechuchumaa. Wasimupatie gongo, watakuwa wanadanganya watu. Munakubali?"

Tukakubali. Hata mimi, ambaye kukubali mara ya kwanza ni kinyume cha riziki yangu. Shemasi peke yake hakupiga makofi. Alikuwa amefungua mashine na kuona rangi ya shati lake.

Tuliandika barua kwa timu, tukaeleza yote, na vitunguu pia. Wakajibu kwa adabu nyingi, wakatushukuru kwa mapenzi yetu kwa mchezo, wakatutumia kuponi za soseji. Mdakaji hakuwekwa mwaka ule, wala sijasikia kwamba amewekwa. Kinyozi aliwaka moto. Alitaka tukate rufaa. Mzee alikula soseji yake taratibu, akasema, "Ukuta ni wao. Kesi ilikuwa yetu, na imeisha."

Na wiki iliyofuata walikuja wapangaji wawili waliokuwa wameitiana polisi kwa sababu ya nafasi ya kuegesha gari. Walibeba vikapu vya nguo. Mmoja wao aliniambia mlangoni, "Kama anaweza kujiondoa kwa karanga, basi hatanidhulumu mimi kwa kuwa yule ni wa kanisa lake." Baada yao wakaja mke na mume. Chumba kikajaa tena, na nyakati nyingine Mzee alimwita Kinyozi akae pembeni yake.

Angekuwa chumbani humo hadi leo kama si mgongo. Binti yake alikuwa amehamia Buffalo karibuni, hatua chache kutoka barabara ya Bailey. Akaja na gari kumchukua. Mzee alimwachia Kinyozi fimbo, nasi tukabaki na Kinyozi, ambaye siku hizi ananyamaza hadi anatisha.

Nilimwona Mzee mara ya mwisho majira ya baridi yaliyofuata, nilipopeleka mzigo huko. Theluji ilikuwa imefika madirishani. Alikuwa sebuleni amevaa koti, na safari hii koti lilikuwa na haki yake. Tulitaniana kidogo. Tukacheza bao, akaniibia. Binti yake alileta chai na maandazi, akarudi jikoni bila kukaa. Mjukuu wake wa kike, msichana aliyemaliza shule na sasa anafanya kazi ghalani, akapita akanisalimu kwa Kiswahili, kisha akamjibu mama yake kwa Kiingereza kwa sauti ya juu, na mlango ukafungwa kwa kishindo.

"Hao wana nini?" nikauliza.

Mzee alisogeza ubao wa bao pembeni. Akaniambia msichana anataka kuhama, apange chumba chake mwenyewe, kama wenzake wa hapa wanavyofanya. Mama anasema binti haondoki nyumbani ila kwa ndoa. Wamefikia mahali hawali pamoja. Juzi mjukuu alimfuata babu akamwambia, "Babu, utakalosema nitalifuata." Jana mama naye akaja, bila kujua kwamba mwanawe ametangulia, akasema maneno yale yale.

"Basi umepata kesi!" nikasema. "Mzee, hata Buffalo wamekujua!"

Hakucheka. Alitazama andazi mkononi mwake, lililobaki nusu, akaliweka kwenye sahani taratibu.

"Ninakula kwa binti yangu asubuhi na jioni, Muha. Mjukuu ndiye anayeninunulia dawa na viatu. Nikikataa kuwasikiliza, hapa hawana mwingine wa kumwendea, watapotezana. Nikikubali, nitakuwa nimekula kwa wote wawili, na bado nakaa kwenye kiti cha kuamua." Akaniegemea, akanong'ona ili jikoni wasisikie. Katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akimwuliza mtu swali ambalo hakuwa na jibu lake. "Wewe mdomo wako ni mkubwa, umetembea, umeona watu. Nishauri. Nifanyeje?"